Pole unayowapa wengine, jipe na wewe

Kadi ya kliniki ya mwanangu ilikaa ndani ya droo wiki saba bila kufunguliwa. Niliisukuma chini kabisa, chini ya vyeti vya shule na mkataba wa nyumba, ili nikifungua droo kutafuta kitu kingine nisikutane nayo.

Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi hiyo ilikuwa ya dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubella, ile ambayo mtoto hapa nchini hupewa akifikisha miezi 18. Siku yenyewe nilikuwa mkoani kikazi. Nikasema nitampeleka wiki ijayo. Wiki ijayo nayo ikaja na kazi zake. Ilipofika wiki ya tatu, hata nilipopata nafasi sikwenda. Nilikuwa nimeanza kuona aibu.

Aibu yangu ilikuwa na sababu ya ziada. Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika zaidi ya mara moja kuwahimiza wazazi wasipitishe tarehe za chanjo. Kwa hiyo kila nilipoikumbuka ile kadi, nilijisemea maneno ambayo siwezi kumwambia binadamu mwingine yeyote: "Unafundisha watu wakati nyumba yako imekushinda. Mama gani wewe?"

Ungedhani maneno makali namna hiyo yangenifanya nimbebe mtoto asubuhi ile ile. Wapi! Yalinifanya nianze kupita barabara ya nyuma, ili nisipite mbele ya geti la kituo cha afya. Usiku nililala nikiwaza, asubuhi niliamka nimechoka. Na mtoto, ambaye hana kosa lolote, alianza kufokewa kwa sababu ya uji aliomwaga.

Jumamosi moja jirani yangu alinigongea mlango. Ana mtoto wa miezi michache tu kuliko wangu. Alisimama pale akizungusha ncha ya kanga yake, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Dada, wewe unayeandika mambo ya afya, hebu niambie. Nimempitishia mtoto tarehe ya kliniki, mwezi wa pili sasa. Nikimpeleka si watanisema mbele za watu?"

Nilimjibu bila hata kufikiri. "Pole jamani. Na kazi zako hizi, mbona yanatokea kwa wengi. Mpeleke tu Jumatatu, chanjo ikichelewa haijafutika."

Aliposhukuru na kuondoka, nilibaki nimeshika kitasa cha mlango. Ilikuwa kadi ile ile, chanjo ile ile, ucheleweshaji ule ule. Yeye nilimpa pole. Mimi nilikuwa nimejipa matusi ya wiki saba.

Neno tunalolitoa bure

Mzazi mwenzangu, hebu tulitazame neno hili "pole" tunavyolitumia. Mtu akijikwaa barabarani unampa pole, ingawa si wewe uliyeliweka jiwe. Aliyetoka kazini tunampa pole na kazi. Aliyeshuka kwenye basi, pole na safari. Mgonjwa, pole. Mfiwa, pole. Tunalitoa kwa mtu tusiyemjua na wala hatumuulizi kwanza kama alistahili kuanguka.

Mtu mmoja tu ndiye tunayemnyima, na huyo ndiye tunayelala naye na kuamka naye kila siku.

Jambo hili si la hisia tupu. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa wanasaikolojia wamekuwa wakilichunguza kama wanavyochunguza usingizi au mazoezi ya mwili. Mmoja wa walioanza ni Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, Marekani. Mwaka 2003 alichapisha maelezo ya nini hasa maana ya mtu kujitendea kwa huruma, pamoja na maswali ya kuipima huruma hiyo.

Niseme mapema kwamba neno hili kwa Kiswahili lina mtego. Tukisikia mtu "anajionea huruma," tunamwona amekaa kitako analalamika kwamba dunia nzima imemwonea. Sicho kinachozungumzwa hapa. Anayejionea huruma hujiona yuko peke yake katika shida yake. Anayejitendea kwa huruma hujiona ni binadamu kama wengine, amekosea kama wengine, na anajisaidia kama ambavyo angemsaidia mwingine.

Neff aliigawa huruma hii katika sehemu tatu. Mimi nimezikariri kama mafiga, maana ukiondoa moja chungu hakikai.

Figa la kwanza ni kuwepo. Wataalamu wengine wa Kiswahili huliita umakinifu, wengine utulivu wa akili. Maana yake ni kukiona kinachotokea ndani yako sasa hivi, jinsi kilivyo, bila kukikimbia na bila kukikuza. "Nina hasira." "Ninaogopa." "Kifua kimebana." Basi.

Figa la pili ni kukumbuka kwamba hauko peke yako. Kukosea na kuchoka ni sehemu ya ubinadamu, na si dalili kwamba wewe una kasoro ambayo wazazi wengine hawana. Siku ile mlangoni, neno lililomshusha jirani yangu mabega lilikuwa "yanatokea kwa wengi."

Figa la tatu ni pole yenyewe, yaani kuzungumza na nafsi yako kwa lugha ambayo ungeitumia kwa rafiki unayempenda.

Si kujidekeza?

Najua swali litakalokuja, kwa sababu hata mimi nililiuliza. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba ukali ndio unaomnyoosha mtu. Usipojisema, utabweteka. Ukijipa pole leo kwa tarehe ya kliniki, kesho utapitisha na ya pili.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Juliana Breines na Serena Chen, walilijaribu swali hilo na kuchapisha majibu mwaka 2012. Katika moja ya majaribio yao, wanafunzi walipewa mtihani mgumu wa msamiati ambao wengi wasingeweza kuufanya vizuri. Baadaye kundi moja liliambiwa maneno ya kuwasaidia kujitendea kwa huruma: kwamba ni kawaida kupata shida na mtihani wa aina hii, na wasijihukumu kwa ukali. Kisha wote wakapewa nafasi ya kujisomea kabla ya mtihani mwingine. Waliosaidiwa kujihurumia ndio waliotumia muda mrefu zaidi kusoma.

Nilipousoma utafiti huo niliikumbuka droo yangu. Ukali unapozidi, mtu huona kosa lake limekuwa kubwa kuliko yeye, na kitu kikubwa kuliko wewe hukikabili, unakikimbia. Pole hulirudisha kosa kwenye ukubwa wake halisi. Tarehe imepita, basi ni tarehe imepita. Hilo mtu anaweza kulishughulikia.

Hapa ndipo ninapoona tofauti ya majuto na aibu. Majuto humpeleka mtu kwa yule aliyemkosea. Aibu humficha asionekane naye. Mzazi mwenye majuto anarudi kwa mtoto na kusema, "Mama amekosea." Mzazi mwenye aibu anawasha televisheni, au anamfokea mtoto mara ya pili ili kuonyesha kwamba mara ya kwanza alikuwa na haki.

Katika afya hasara yake ni kubwa zaidi. Fikiria mama aliyepitisha tarehe ya chanjo, baba mwenye shinikizo la damu aliyeacha dawa wiki tatu, binti mwenye kisukari aliyekula asichotakiwa kwenye harusi. Wote hawa wanahitaji kitu kimoja, kurudi kituoni. Wote wana sauti ndani inayowaambia wasirudi mpaka wawe wamejirekebisha kwanza. Lakini watajirekebishaje bila kurudi?

Mwili nao husikia

Mwili wako hautofautishi sana kati ya mtu anayekufokea na wewe unayejifokea. Unapotishika, ubongo huamrisha tezi zimwage homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, sukari hupanda kwenye damu ili upate nguvu ya kupigana au kukimbia. Hali hiyo ikitokea kwa dakika chache kwa sababu gari limekukosakosa, ni msaada. Ikidumu wiki kwa wiki kwa sababu ya maneno unayojisemea, usingizi huharibika, kichwa huuma, tumbo huvurugika, uvumilivu huisha. Mtoto anamwaga uji, na wewe unajibu kana kwamba nyumba imeshika moto.

Ndiyo sababu figa la kwanza, la kuwepo, huanzia mwilini. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts programu kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu na msongo wa mawazo. Alichukua mazoezi ya kutafakari yenye asili katika dini ya Kibudha, akayatoa katika mavazi ya dini, akawafundisha wagonjwa kuangalia pumzi, mwili na mawazo yao. Hakuwaahidi kwamba maumivu yangeondoka. Aliwafundisha kukaa nayo bila kuyaongezea maumivu mengine ya kuyapiga vita.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2014 watafiti walikusanya majaribio 47 yaliyohusisha watu 3,515 na kuyapitia kwa pamoja. Walikuta mazoezi ya umakinifu yanapunguza wasiwasi, sonona na maumivu, lakini kwa kiasi kidogo hadi cha wastani. Kwa mambo kama usingizi, uzito na ulaji, ushahidi waliouona ulikuwa mdogo au haukuwepo. Wala hawakuona kwamba yanashinda dawa, mazoezi ya mwili au tiba nyingine za kisaikolojia.

Nayasema haya kwa makusudi. Ukipita mtandaoni utakuta watu wanaouza kozi na kuahidi kwamba ukipumua vizuri utapona kila kitu. Usinunue. Hiki ni kifaa kidogo kinachosaidia kweli, na kina mipaka yake.

Hata chini ya hema

Wengine watasema haya ni mambo ya watu wenye bustani na muda wa kukaa kimya. Nilidhani hivyo pia, mpaka niliposoma habari za kambi ya wakimbizi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda.

Shirika la Afya Duniani liliandaa mafunzo ya kujisaidia katika msongo wa mawazo, yanayojengwa juu ya umakinifu na kujitendea kwa wema. Yalijaribiwa kwa wanawake 694 kutoka Sudan Kusini waliokuwa wakiishi kambini hapo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Hawa ni watu waliokimbia vita. Wengi walikuwa wamepoteza ndugu, na walikuwa wakilea watoto katika mazingira ambayo sina haja ya kuyaeleza.

Hawakuhitaji madaktari wa akili wengi. Wanawake walikaa katika vikundi vya watu 20 hadi 30, mara moja kwa wiki kwa wiki tano, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa kwa lugha yao, wakiongozwa na watu waliopewa mafunzo mafupi. Walikuwa na kitabu cha picha cha kwenda nacho nyumbani. Walifundishwa namna ya kuirudisha akili hapo walipo pale mawazo yanapoivuta, namna ya kuyataja mawazo hayo badala ya kuburutwa nayo, na namna ya kujitendea kwa wema. Miezi mitatu baadaye, hali ya akili ya waliohudhuria ilikuwa imepata nafuu zaidi kuliko ya wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo.

Vita havikuisha kwa sababu yao, wala mgao wa chakula haukuongezeka. Ila mzigo wa pili, ule ambao mtu hujibebesha juu ya ule wa kwanza, ulipungua. Mwaka huo huo shirika hilo lilitoa kitabu cha picha chenye mafunzo hayo kwa watu wote, nacho kinapatikana bure mtandaoni katika lugha nyingi.

Tufanyeje nyumbani

Sikuletei ratiba ya kuamka saa kumi alfajiri. Mzazi mwenye mtoto mchanga akiambiwa aongeze zoezi moja kwenye siku yake atalia. Haya ni mambo manne ninayojaribu mwenyewe ndani ya shughuli zilizopo tayari.

La kwanza ni mlangoni. Unaporudi nyumbani, kabla hujagusa kitasa, simama. Sikia nyayo zako chini. Vuta pumzi, kisha itoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta. Rudia mara tatu. Unapotoa pumzi mapigo ya moyo hupungua kidogo, kwa hiyo hapo hujidanganyi, unausaidia mwili wenyewe. Baada ya hapo ingia. Wengi wetu tunaingia na mwili tu, akili tumeiacha kwenye foleni ya Ubungo ikigombana na kondakta. Mtoto anakueleza kilichotokea shuleni, unamjibu "eeh, eeh," na wote wawili mnajua kwamba hukusikia.

La pili ni kulitaja jambo. Hasira inapopanda, iseme kwa jina, kimoyomoyo au kwa sauti. "Hapa nina hasira." "Hapa nimechoka." Mtoto akikusikia si vibaya, atajifunza kwamba hasira ina jina, na kitu chenye jina kinaweza kuzungumzwa. Ukiweza, ongeza kinachotokea mwilini: "Taya limekaza." Mara nyingi kitendo hicho kidogo hukupa nafasi kati ya uji uliomwagika na mkono unaoinuka.

La tatu ni baada ya kukosea, maana utakosea. Ukishamfokea mtoto na kumwona amenywea, usikimbilie kujitukana. Weka mkono kifuani kama unavyouweka kwenye kifua cha mtoto mwenye homa. Jiambie mambo matatu: "Hapa nimeumia na nimekosea. Wazazi wengi wamefika hapa. Pole, sasa rudi kwa mtoto." Kisha urudi kweli. Piga magoti ulingane naye kimo, umwambie: "Samahani, mama amepaza sauti sana. Uji kumwagika ni bahati mbaya. Tupanguse pamoja." Mtoto haoni udhaifu hapo. Anaona mtu mzima anavyobeba kosa lake bila kuvunjika, somo ambalo hakuna darasa linalomfundisha.

Naongeza neno kwa akina baba. Mwanamume hupewa pole ya msiba na ya kazi, lakini ya kushindwa hapewi. Aliyeahidi viatu vya shule na biashara ikagoma, mara nyingi hachelewi kurudi nyumbani kwa sababu hawapendi watoto. Anachelewa kwa sababu hawezi kuyatazama macho yao. Ndugu yangu, sentensi zile tatu ni zako pia. Mtoto atangoja viatu mwezi mmoja zaidi. Kumngoja baba ambaye hujificha ni kugumu zaidi.

La nne ni swali moja la usiku. Ukilala na kuanza kujihesabia makosa ya siku, jiulize: "Kama jirani yangu angekuja kunieleza jambo hili hili, ningemwambia nini?" Jijibu kwa maneno yale yale, na kwa sauti ile ile. Mwanzoni utajisikia mnafiki. Mimi nilijisikia hivyo. Inachukua muda, kama lugha yoyote ambayo hukukua ukizungumziwa.

Mahali ambapo pole haitoshi

Pole haijazi sufuria. Mzazi aliyechoka kwa sababu anafanya kazi mbili na kulea peke yake anahitaji msaada wa watu, na kumwambia apumue tu ni kumkejeli. Kujitendea kwa huruma kunaweza pia kuwa ni kumpigia dada yako simu na kumwambia, "Nichukulie watoto Jumapili, nimezidiwa." Kuomba msaada nako ni wema kwa nafsi.

Mtu anayepigwa au kunyanyaswa ndani ya nyumba asiambiwe akae na maumivu yake kwa utulivu. Anahitaji usalama. Ofisi ya ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto katika vituo vya polisi vipo kwa kazi hiyo.

Kuna pia wakati ambapo tatizo ni ugonjwa. Kama kwa wiki mbili au zaidi umekuwa na huzuni karibu kila siku, au hupati raha katika chochote, na pamoja na hayo usingizi na hamu ya kula vimebadilika na nguvu zimekwisha, hiyo inaweza kuwa sonona. Humpata mama aliyejifungua, humpata baba, humpata mtu mwenye mali na asiye nayo. Nenda kituo cha afya ukaeleze kama ambavyo ungeeleza homa. Na ikiwa unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kesho. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, na akupeleke hospitali.

Kuna watu pia ambao wakifumba macho na kutulia, kumbukumbu mbaya huwajia kwa nguvu. Ukiwa mmoja wao, usijilazimishe. Fungua macho, shika kitu kilicho karibu, taja vitu vitano unavyoviona mbele yako, kisha mtafute mtaalamu wa kukusaidia.

Jumatatu ile

Tulikwenda pamoja, mimi na jirani yangu, kila mmoja na mtoto wake mgongoni. Njiani nilimweleza kwamba nami kadi yangu imepita. Alisimama katikati ya njia akacheka mpaka mtoto akashtuka. "Na wewe? Basi nimepona!"

Sikukasirika. Alikuwa amelipata figa la pili bila kusoma utafiti wowote.

Kituoni foleni ilikuwa ndefu kama kawaida. Watoto walipimwa uzito, mmoja baada ya mwingine. Zamu yangu ilipofika, muuguzi aliifungua kadi, akaitazama tarehe, akanitazama mimi. Nilijiandaa. Nilikuwa nimeyakariri maneno atakayoniambia, maana nilikuwa nimejiambia mwenyewe kwa wiki saba.

"Mama, tarehe imepita," akasema. "Lakini mtoto yupo, na chanjo ipo. Mpakate vizuri, mshike mkono."

Ilichukua chini ya dakika moja. Mwanangu alilia, nikamwambia pole, akanyamaza kabla hatujafika getini.

Kama na kwako kuna kadi, cheti cha dawa au karatasi ya vipimo uliyoisukuma chini ya droo, sina la kukukaripia. Ukimaliza kusoma hapa, iweke simu chini na uifungue hiyo droo. Soma tarehe iliyoandikwa, jipe pole kwa sauti, kisha upange siku ya kwenda. Wiki hii hii.